Kata Moja ya Maji

Shinkai alimfukuza mumewe nyumbani siku ya Jumatano, mara tu baada ya sala ya alfajiri, na wala hakuona haya. Alimfungia mikate minne kwenye kitambaa, akamjazia mtindi kwenye kiriba, akamtupia blanketi begani, akamwonyesha mlima. Apande huko kwa wachungaji wa kaka yake, alimwambia, akae nao mpaka Jumamosi asubuhi, siku ambayo baraza la wazee lilikuwa limepangwa kukaa.

"Mtu hukimbia risasi," Janatmir alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na magoti yake mabovu, ndevu zote nyeupe. "Mimi leo unaniambia nikimbie msamaha?"

"Ukimbie, baba Baryalai. Wakija na kondoo wao wakakukuta umekaa hapa, utawaambia nini?"

Janatmir alitazama chini. Jibu alilijua, na mkewe alilijua pia, ndiyo maana mikate ilikwisha fungwa.

"Nitawaambia alichokuwa akisema baba yangu: yamekwisha," alisema hatimaye.

"Basi nenda. Huko juu hakuna mlango wa mtu kubisha hodi."

Alikwenda shingo upande, akichechemea, akigeuka nyuma kila baada ya hatua kumi. Shinkai alisimama pale mpaka alipomwona amevuka korongo, kisha akaingia ndani na kutia komeo.

Mila yenyewe wanaiita nanawati, na katika wilaya ile mtoto anaijua kabla hajaota meno ya pili. Aliyekukosea akiingia nyumbani kwako kujidhalilisha, akashika tanuri lako la mikate na kusema nimeingia, basi yamekwisha. Hafukuzwi. Hata awe amekuulia mwana, utamsamehe, kondoo wake atachinjwa, mtakula pamoja, na neno litazikwa. Atakayelifukua baadaye ndiye mwenye aibu, yeye na wanawe na wajukuu wake. Lakini lazima aingie. Nje ya mlango yeye ni mkosaji tu kama wakosaji wengine.

Tusidanganyane: Shinkai hakutaka kuombwa radhi na mtu. Alitaka maji.

Kijiji chao, Spinkarez, kilikuwa kimeishi miaka yote hiyo kwa karezi, mfereji wa chini kwa chini waliouchimba mababu kutoka miguuni mwa mlima hadi mashambani, na juu yake mashimo arobaini na moja ya kushukia. Kila majira ya kuchipua wanaume walishuka kwa kamba kuzoa tope, na Janatmir ndiye aliyekuwa akishuka shimo refu kuliko yote, mwaka baada ya mwaka, mpaka magoti yake yakafa kwa baridi ya mle ndani. Kwa maji hayo Shinkai na mumewe walikuza milozi sitini. Mwana wao wa pekee, Baryalai, aliposa na kukubaliwa kwa sababu ya milozi hiyo, na akaenda Iran kufyatua matofali akiahidi kurudi kuoa.

Ndipo Lalbaz, jirani yao wa upande wa chini, aliporudi kutoka Uarabuni alikokuwa akiendesha malori. Alikuja na paneli za sola na mashine ya kuchimba, akatoboa kisima ndani ya ua wake, akapanda tikitimaji. Sola haichoki wala haidai mafuta, kwa hiyo pampu yake ilivuta tangu jua linachomoza hadi linazama. Mwaka wa kwanza maji ya karezi yalishuka kutoka gotini hadi kifundoni. Mwaka wa pili yakawa tope. Mwaka huu hata vyura walihama, na milozi ishirini ikakauka imesimama, huku matikiti ya Lalbaz yakipakiwa kwenye malori kwenda mjini, makubwa, yamejaa maji yao.

Walilalamika, walalamike wapi? Wazee walikuna ndevu. Ardhi ni yake, kisima kiko uani kwake, na mababu waliotunga mila hawakuwahi kuiona sola.

Lakini Jumatatu Janatmir alikwenda kumwomba Lalbaz aipumzishe pampu walau siku mbili kwa wiki, na Lalbaz, aliyekuwa anagombana na dereva wa lori wakati huo, alimsukuma. Kilemba cha mzee kilianguka mavumbini. Lalbaz akakikanyaga akipita, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, hilo Mungu ndiye ajuaye. Watu watatu waliona.

Na kilemba, mila inakijua. Mzee Haji Mursal, kichwa cha baraza, alisema mbele ya msikiti, kila mtu akisikia: "Mkono ulioangusha kilemba cha mzee lazima uumie. Jumamosi tutakifunga kile kisima kwa saruji."

Shinkai alipoletewa habari kwamba mumewe amevuliwa kilemba hadharani, alilia kama inavyompasa mke. Mungu amsamehe, ndani ya moyo alifurahi. Jioni ile ile alimpigia Baryalai simu. "Vumilia mwanangu," alimwambia. "Jumamosi maji yanarudi." Na kijana akasema yakirudi kweli, atarudi kabla ya milozi kuchanua.

Kilichobaki ilikuwa kufika Jumamosi tu.

Walikuja Alhamisi asubuhi, kama alivyotarajia. Alichungulia kwenye ufa wa mlango akawaona: Lalbaz kichwa wazi, mullah, wazee wawili, na kondoo dume wa mkia mnono amepakwa hina mgongoni. Kondoo mzuri, hilo hakulikataa.

"Mama Baryalai," mullah aliita, "tumekuja kwa heri. Mwambie mwenye nyumba atufungulie."

"Mwenye nyumba hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Tangu lini mke anamuuliza mumewe anakokwenda, mullah? Si ndivyo unavyotufundisha?"

Mzee mmoja alicheka, akakohoa kuficha. Ndani ya nyumba isiyo na mwanamume hawakuweza kuingia, na wote walilijua hilo. Walizungukazunguka pale ukutani, kondoo akala majani makavu yaliyosalia kwenye ukingo wa mfereji.

"Dada Shinkai," Lalbaz alisema kwa sauti ya chini, "nakuomba. Nilikuwa na hasira. Sikumkusudia yeye."

"Na karezi? Ulikuwa na hasira nayo pia?"

Waliondoka na kondoo wao, na Shinkai akakaa chini nyuma ya mlango, akicheka peke yake. Alikuwa ameshinda siku moja. Alichukua punda na madumu mawili akaenda chemchemi ya kijiji cha pili, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi. Akafika na dumu moja na nusu, kwa sababu kizibo kimoja kilikuwa kimepasuka na punda alijikwaa.

Ijumaa, jua likiwa utosini na wanaume wote wakiwa msikitini, mlango ulikwaruzwa. Haukugongwa kwa ngumi, ulikwaruzwa kwa kucha.

"Nani?"

"Mimi, binti yangu. Bakhmala."

Mama yake Lalbaz. Shinkai alisimama hapo alipo, mkono ndani ya unga.

"Kama una neno, mama, liseme hapo hapo nje."

"Sina neno. Nimetoka makaburini kumsomea marehemu wangu, jua limenipata njiani. Nipe maji ninywe."

"Kwenu kuna maji ya kuogeshea ng'ombe, nawe unakuja kuomba kwangu?"

"Kwetu ni mbali kwa miguu hii. Ukininyima, sawa. Nitakaa hapa ukutani kwako, litakalokuwa na liwe."

Shinkai alichungulia. Bibi kizee alikuwa peke yake, hana mtu wala kondoo, ameegemea ukuta kwa kiganja, midomo imepauka. Alikuwa na miaka themanini kama si zaidi. Yeye ndiye aliyemkanda Shinkai tumbo usiku aliozaliwa Baryalai, ndiye aliyekata kitovu. Na chuki ya Shinkai ilikuwa kubwa, lakini haikuwa imefika mahali pa kumnyima mtu maji. Katika wilaya ile hapajawahi kuonekana mwanamke wa namna hiyo, na hakutaka kuwa wa kwanza.

Alichota kata moja kutoka kwenye gudulia. Nitampa kizingitini, aliwaza, anywe, aende zake. Alifungua mlango kiasi cha mkono kupita.

Bibi Bakhmala aliipokea kata kwa mikono miwili, na mikono yenyewe ikawa inatetemeka hivi kwamba maji yalimwagika, kwanza kidogo, kisha mengi, yakapiga mavumbi na kupotea. Shinkai aliyatazama. Hayo ni maji aliyoyafuata saa nne na punda kiwete. Hakuwaza mila, hakuwaza Jumamosi, aliwaza maji tu.

"Unayamwaga, mama," alisema kwa uchungu. "Njoo ukae kivulini nikushikie kata."

Akampisha.

Bibi alikaa chini ya ukuta wa jikoni, akanyweshwa kama mtoto, akanywa mpaka tone la mwisho, akafuta midomo kwa ncha ya mtandio. Akamwombea Shinkai dua kwa maji yale. Kisha akasogea kwa makalio, hatua moja, mbili, mpaka lilipo tanuri, akaweka kiganja kwenye ukingo wake uliokuwa na joto bado. Kwa mkono wa pili alitoa Msahafu chini ya mtandio na kuuweka kichwani.

"Nimeingia, Shinkai," alisema.

Shinkai alibaki na kata mkononi. Hakuelewa, kisha akaelewa.

"Toka," alisema.

"Nimeshaingia, binti yangu."

"Umenidanganya. Na Msahafu ulikuwa nao muda wote."

"Kiu sikudanganya. Nilikuwa na kiu kweli." Machozi yalikuwa yakimtiririka bibi kwenye makunyanzi, naye hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. "Unadhani napenda kuja kukaa kwenye majivu ya watu nikiwa na umri huu? Mwanangu ni mpumbavu. Nilimwambia asimguse mzee yule. Lakini ndiye mwana niliyebaki naye. Wamfungie kisima, atarudi Uarabuni, nami nitazikwa na majirani."

"Na mimi wangu yuko wapi? Si yuko kwenye tanuri la matofali la watu? Hatarudi bila maji, unajua hatarudi."

"Najua."

"Unajua, na bado umeingia?"

"Wewe ungefanya nini, Shinkai?"

Shinkai alimsogelea, akamshika mkono ule uliokuwa kwenye tanuri, akataka kuubandua. Mkono ulikuwa mwepesi, mifupa mitupu. Ulikuwa mkono ule ule wa usiku wa Baryalai. Aliushika kwa muda mrefu, akijua kwamba nguvu za kumburuta bibi huyu mpaka nje anazo, na kwamba hakuna aliyekuwa akiwaona. Kisha akauachia. Alikwenda kukaa upande wa pili wa ua akaufunika uso wake kwa mtandio.

Kufikia alasiri kijiji kizima kilijua. Watu walimfuata Janatmir mlimani kwa pikipiki wakamleta kabla ya magharibi, blanketi bado liko begani. Aliingia uani, akamwona bibi kizee kwenye tanuri, amekaa hivyo tangu adhuhuri bila kukubali chakula. Kisha akamtazama mkewe.

"Ulimpa maji?"

"Alisema ana kiu."

"Ulifanya sawa," Janatmir alisema.

Angemtukana ingekuwa afadhali. Shinkai alimkimbilia akamshika joho. "Bado hujasema neno. Hujasema. Mwambie hapana, mara moja tu maishani mwako sema hapana. Waseme wanachotaka."

"Nikisema hapana, mama Baryalai, nani atakaa na mimi baraza moja tena? Nao waliomkubali Baryalai, watampa tena binti yao?"

"Ataoa vipi hata sasa?"

Mzee alimbandua vidole taratibu, kimoja kimoja. Akaenda kwa Bibi Bakhmala, akauinua Msahafu kutoka kichwani pake, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso.

"Inuka, mama. Yamekwisha."

Basi Jumamosi baraza lilikuja, na lilikuja kula. Wazee arobaini walijaa kwenye ukumbi wa wageni wakikalia mazulia ya kuazima. Haji Mursal, yule yule wa saruji, alisema siku kama hii ndiyo inayowatofautisha watu na wanyama. Lalbaz alipiga magoti, akakunjua kilemba kipya cha hariri ya kijivu, akakizungusha kwenye kichwa cha Janatmir kwa mikono yake mwenyewe. Wakakumbatiana. Wazee wengine walilia. Mullah alisoma dua ndefu, na kuhusu kisima hakuna aliyefungua kinywa, kwa sababu neno lilishazikwa.

Kule jikoni kulikuwa na tatizo dogo. Kondoo alikwisha chinjwa, nyama imekatwa, vyungu vitatu viko juu ya moto, na gudulia la Shinkai lilikuwa tupu. Watu arobaini wanataka mchuzi, wali, chai, na maji ya kunawa kabla na baada. Alisimama katikati ya jikoni hajui aanzie wapi.

Hakuwa na haja ya kuhangaika. Trekta la Lalbaz lilisimama mlangoni na madumu ishirini.

"Kaka amesema msione haya," mfanyakazi alisema akiyapanga ukutani. "Yakiisha niiteni."

Shinkai alifungua dumu la kwanza, akalichungulia. Alichota kata moja akaonja. Yalikuwa baridi, na yana ladha ile ya jiwe aliyokuwa akiijua tangu alipokuja kuolewa hapa, ladha ya karezi. Alikuwa hajaionja kwa mwaka mzima. Alitamani kuyatema, lakini kiu haina haya, akayameza yote, akachota tena.

Bibi Bakhmala alikuwa amekaa pembeni anamenya vitunguu kama mtu wa nyumba. "Maji mazuri," alisema bila kuinua macho.

"Mazuri," Shinkai alisema, akamimina dumu zima chunguni juu ya nyama.

Walikula wakashiba. Walinawa, na maji ya kunawa yakamwagwa uani ovyo ovyo, mabeseni kwa mabeseni, mpaka Shinkai akashindwa kuvumilia akaanza kuyakusanya na kuyapeleka mwenyewe kwenye mlozi wa karibu na ukuta. Beseni sita. Ardhi iliyanywa yote bila hata kubadilika rangi. Mfanyakazi wa Lalbaz alihesabu madumu yake matupu, akayapakia, akaondoka.

Jioni Janatmir alikaa kwenye ukingo wa mfereji mkavu na kilemba chake kipya. Kilikuwa kikubwa kidogo, kilimshukia masikioni.

"Haji Mursal amesema wamebaki watu wachache kama mimi," alisema.

"Umevishwa kilemba cha ukoka, baba Baryalai."

"Najua," mzee alisema. Hakukivua.

Simu ililia ndani ya mfuko wa Shinkai. Sauti ya Baryalai ilikuja na kelele za mashine nyuma yake, na ilikuwa na haraka, kama ya mtu aliyengoja siku nzima.

"Mama. Baraza limekaa?"

"Limekaa."

"Wamesemaje?"

Shinkai aliitazama milozi, ile iliyokufa na ile iliyobaki, na nyuma yake shamba la Lalbaz, kijani mpaka machoni panauma.

"Tumeheshimiwa sana, mwanangu," alisema. "Mama yake Lalbaz alikuja mwenyewe na Msahafu kichwani. Kondoo alikuwa mnono. Baba yako kapewa kilemba cha hariri."

Huko upande wa pili mashine zilinguruma. Baryalai alikuwa mtoto wa wilaya ile, hakuhitaji kufafanuliwa.

"Nani alimfungulia mlango?" aliuliza.

"Mimi."

Alingoja amlaumu. Kijana alipumua tu, na pumzi yenyewe ilikuwa na vumbi la matofali.

"Kuna blanketi jipya nimekufumia," Shinkai alisema. "Nitampa mtu wa kwanza atakayekuja huko akuletee. Baridi ya huko usiichezee."

"Nilidhani ningekuja kulichukua mwenyewe, mama."

"Hapana," Shinkai alisema. "Kaa huko huko."